Mama Alipopata Ng'ombe Wake

Ng'ombe wa mama aliletwa kwa pikapu siku ya mvua, na pikapu ikakwama pale njia ya kwetu inapoachana na barabara ya Lufingo. Wanawake wa kikundi cha mama, kumi na wawili, walikuwa wamekaa nyumbani tangu asubuhi wakimsubiri. Waliposikia injini inalia bila kusogea, wakavua viatu, wakakunja vitenge hadi magotini, wakateremka mbio. Waliisukuma ile pikapu huku wakiimba. Kila gurudumu lilipozunguka liliwarushia tope usoni, na wao wakazidi kuimba. Ng'ombe, mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, aliwatazama kutoka juu bila haraka yoyote.

Baba alikuwa barazani. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona hajui aweke wapi mikono yake. Hakujua kama ampokee ng'ombe kama mwenyeji au akae kando kama jirani aliyekuja kushangaa. Hati aliyokuja nayo dereva ilikuwa na jina la mama. Chini kabisa palikuwa na mstari mfupi wa shahidi. Mama aliweka saini yake polepole, herufi moja moja, kisha akampa baba kalamu.

"Wewe hapa," akamwonyesha.

Baba akausoma ule mstari. "Shahidi wa nini? Kwani kuna kesi?"

"Shahidi wa furaha yangu," akasema mama, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka ng'ombe akarudi nyuma na kumkanyaga dereva.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Tukuyu niliyoyazoea yakiwa na rafu tupu yalipoanza kujaa sabuni, sukari na mitumba. Ushirika ulikuwa umedorora, na kila mkutano watu waliambiwa wajitegemee, waunde vikundi. Wanaume wa kwetu waliyabeba maneno hayo hadi kilabuni na kuyajadili vizuri sana. Wanawake wa usharika wetu waliunda kikundi. Mradi mmoja wa mifugo ukakubali kuwapa mitamba ya kisasa yenye mimba, kwa masharti mawili: mwenye ng'ombe awe mwanamke, na ndama jike wa kwanza apewe mwanamke mwingine.

Sharti la kwanza lilikuwa zito kuliko lilivyosikika. Kwetu, ng'ombe walikuwa wa wanaume. Wanaume ndio waliowachunga, waliowakamua, waliowagawa na kuwarithi. Mwanamke alikuwa na migomba, jembe, chungu na watoto. Na ng'ombe alihusiana siku moja tu, siku ya kuolewa, na siku hiyo walipishana njiani: yeye anakuja, wao wanakwenda.

"Waliondoka hapa ng'ombe watano wakaenda kwa baba yangu," mama alikuwa akisema, "nikaja mimi. Hata rangi zao sikuziona vizuri."

Alilisema hilo bila uchungu, kama mtu anayesimulia habari za mvua. Lakini alilisema mara nyingi.

Bibi, mama yake baba, aliyeishi kwenye kijumba chake nyuma ya migomba, hakusukuma pikapu. Alikuja jioni, pikapu imeondoka na vigelegele vimekwisha, akamzunguka ng'ombe mara moja. Siku zote bibi aliongea Kinyakyusa. Kiswahili alikitoa pale tu alipotaka jambo lichukuliwe kama la serikali.

"Mwanamke hashiki chuchu ya ng'ombe," akatangaza. "Masiwa yatakauka."

Hakuna aliyecheka hiyo "masiwa". Mama akapiga goti, akasema amesikia. Ikapatikana suluhu iliyomridhisha kila mtu isipokuwa ng'ombe mwenyewe: mama atamlisha, atamwogesha na kufagia banda, na siku atakapozaa, baba ndiye atakayekamua. Kaka yangu alikuwa shule ya bweni, na mimi, kwa kuwa ni msichana, sikuhesabiwa.

Ng'ombe alizaa Jumapili baada ya ibada, mchana kweupe, ndama jike mwenye baka lile lile la mama yake. Baba akakunja mikono ya shati. Utotoni alikamua ng'ombe wa kienyeji, na alituambia kazi ile haisahauliki. Siku ya kwanza ng'ombe alipiga ndoo teke ikaviringika mpaka kwenye migomba. Siku ya pili alimkanyagia kofia. Siku ya tatu baba mwenyewe alikaa kwenye mavi, miguu mbele, na mama akakimbilia jikoni ili asionekane anacheka. Nilimkuta huko amejiziba mdomo kwa upande wa kitenge, machozi yanamtoka.

Lakini siku ya nne hapakuwa na kicheko. Kiwele kilikuwa kimejaa, kimekuwa kigumu, kina joto. Mama akatuma ujumbe Tukuyu, bwana mifugo aje upesi.

Alikuja kwa pikipiki, amevaa suruali, viatu vya mvua na koti refu la plastiki. Alipovua helmeti tukaona nywele za kusuka.

"Karibu, binti," baba akamwambia, akichungulia barabarani. "Bwana mifugo yuko nyuma?"

"Bwana mifugo ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

Baba alichukua muda kupata marahaba yake.

Yule dada akaingia bandani, akapapasa kiwele, akakunja uso.

"Nani anakamua?"

"Mimi," akasema baba.

"Nani anamlisha?"

"Mimi," akasema mama.

"Nani anamsafisha? Nani anakaa naye mchana?"

"Mimi."

"Sasa, huyu ng'ombe anamjua nani hapa?"

Sauti ikatoka nyuma yetu, ikiwa imeegemea fimbo: "Masiwa yatakauka!"

Nilidhani mgeni atamjibu bibi kwa ukali wa kisomi. Badala yake alimwendea, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Bibi, yasipotoka leo ndipo yatakapokauka, na kiwele kitaoza. Tujaribu. Yakikauka kwa sababu ya mkono wa mama huyu, nitarudi mwenyewe hapa kukuomba radhi."

Bibi hakukubali wala hakukataa. Alikaa juu ya gogo, kama mtu aliyekuja kusikiliza hukumu.

Mama akaosha mikono kwa maji ya uvuguvugu, akakipangusa kiwele kwa kitambaa, akaleta kigoda chake cha jikoni. Alikaa, akaegemeza paji la uso wake kwenye ubavu wa ng'ombe, akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo aliotubembelezea sisi. Ng'ombe akapeleka masikio nyuma. Akahema. Maziwa ya kwanza yakagonga ndoo tupu kwa mlio mkali, tena, tena, kisha mlio ukalainika kadiri povu lilivyopanda. Baba alikuwa ameshika mkia, akauachia bila kujua. Mama hakuinua kichwa mpaka ndoo ilipojaa. Alipoinua, alikuwa na uso ambao sikuwahi kuuona: uso wa mtu aliyefanya kitu akakipenda, na hana habari kama kuna anayemtazama.

Baadaye nimesoma, nimekaa kwenye semina nyingi za haki za wanawake, nimesikia maneno mazuri nami nimeyasema. Sina ugomvi nayo. Ila kila ninaposikia watu wakibishana kama mila zinaweza kubadilika, namkumbuka bibi juu ya lile gogo. Hakushawishiwa na neno hata moja. Alikuwa anaangalia ndoo.

Kesho yake alfajiri alikuja kuangalia kama maziwa yamekauka. Hayakuwa yamekauka. Akaja kesho kutwa. Siku ya saba alikuja na kibuyu.

"Nipe kidogo," akamwambia mama, "niyaonje kama hayajageuka."

Aliyaonja kila siku kwa mwezi mzima, uchunguzi wa kina, mpaka mashavu yake yakajaa na jirani mmoja akamuuliza anatumia dawa gani.

Baba naye alibadilika, na sikuona siku hasa alipobadilika. Kwanza alijenga hori jipya. Kisha akaanza kukata majani ya mabingobingo bondeni, kwa kuwa mama alikuwa na chai ya kuchuma na hakuweza kuwa kila mahali. Mwanzoni aliyabeba begani, kiume. Mzigo wa majani mabichi begani huteleza, hupinda shingo, huwasha mgongo kama upupu. Siku moja mvua ikinyesha nilimwona anapanda kilima na mzigo kichwani, juu ya ngata ya majani ya migomba, wima kama mwanamke anayetoka kisimani. Wanaume waliokaa kibarazani kwa muuza duka wakaangua kicheko.

"Siku hizi umekuwa mke wa nani?" mmoja akapaza sauti.

Baba hakutua mzigo. "Asubuhi hii mmekunywa chai gani?" akawauliza.

"Ya rangi. Kwani vipi?"

"Mimi ya maziwa," akasema, akaendelea na safari yake.

Alitusimulia kisa hicho chakula cha mchana, akakirudia chakula cha jioni, na kila mara kicheko cha wale wanaume kilizidi kuwa kidogo na jibu lake likazidi kuwa refu.

Mimi mama alinifundisha kukamua wakati wa likizo. Vidole vyangu viliuma mpaka sikuweza kushika kijiko. Alinifundisha kwamba huvuti, unabana kutoka juu kushuka chini, na kwamba usikamue ukiwa na hasira, kwa sababu ng'ombe hana adabu ya kujifanya hajaiona. Kaka aliporudi kutoka bweni, mrefu, sauti imekuwa nzito, aliniambia nisogee nimwachie kazi ya wanaume. Nikasogea. Baada ya dakika chache aliniita kwa jina langu lote. Nikamfundisha. Naye, namshukuru, alijifunza.

Ndama wetu alipoachishwa kunyonya, tulimpeleka Suma kwa mwanamke mjane aliyekuwa anafuata kwenye orodha ya kikundi. Tulikwenda sote kwa miguu, mama akiwa ameshika kamba, na bibi alisema lazima naye aende ingawa goti lilimsumbua. Mama alikuwa anampenda yule ndama, na njia nzima alimwambia mambo ya kumwandaa, awe mtulivu, asile nguo za watu. Yule mjane alikuwa amefagia uwanja mpaka unang'aa. Mume wake alipofariki, ndugu za mume walikuja wakafungua ng'ombe wote, kama ilivyokuwa desturi, kwa kuwa ng'ombe hurithiwa na ndugu. Aliipokea kamba. Akasema, "Ndaga fijo," asante sana, akalisema tena na tena, huku akipapasa lile baka jeupe. Wanawake wakaanza kuimba na kucheza, na mama akacheza akilia.

Wakati wa kurudi bibi alitembea nyuma, akiegemea fimbo yake. Tulipofika mtoni tukapumzika, naye akauliza kwa Kinyakyusa, "Yule mama, shemeji zake walichukua ng'ombe wote?"

"Wote," akasema mama.

"Na mimi. Babu wa watoto hawa alipokufa walichukua saba. Asubuhi ile niliwapikia uji waliokuja kuwachukua. Niliwapikia vizuri, waseme mimi ni mwanamke mwema."

Baba alikuwa amekaa juu ya jiwe hatua chache kutoka pale. Nadhani hakuwahi kuisikia habari ile kwa upande wa aliyepika uji. Aliinuka, akamshika mama yake mkono, wakavuka mto pamoja, na hakumwachia hata ng'ambo njia ilipokuwa tambarare.

Mwaka uliofuata ng'ombe alizaa jike tena. Huyu hakuwa wa kikundi, alikuwa wa mama kabisa. Alipokomaa kidogo, mama alimfunga kamba mpya ya katani, akamwongoza kupitia migomba hadi mlangoni kwa bibi. Sisi tulifuata nyuma.

"Mama, huyu ni wako," akasema. "Si wa kuniangalizia. Wako."

Bibi akamgeukia baba. Yalikuwa mazoea ya maisha yake yote, jambo la ng'ombe ulimtazama mwanamume.

"Usiniangalie mimi," baba akasema. "Ng'ombe ni wake. Anampa amtakaye."

Bibi aliuliza kama mtu mzee kiasi kile anaweza kujifunza kukamua. Mama akamwambia muda upo, mtamba bado hajapata hata mimba. Kwa hiyo bibi alijifunzia kwa ng'ombe wa mama, na mwalimu nilikuwa mimi. Aliniita mwalimu, akiniamkia kwa mzaha, akinilalamikia kwamba namharakisha. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa miaka ya jembe, lakini vilijua kubana.

Mtamba wake alipozaa, alitukataza sote kuingia bandani isipokuwa mimi. Mkondo wa kwanza ulinipiga jichoni. Bibi akacheka mpaka akashika ubavu wa ng'ombe asianguke, na ng'ombe akamvumilia. Alikamua taratibu, akipumzika, akianza tena, mpaka kikombe cha bati kikajaa. Baba alikuwa amesimama nje ya ua, akingoja, maana kikombe cha kwanza cha maziwa siku zote kilikuwa cha mwanamume wa nyumba.

Bibi alikitazama kile kikombe. Akakinywa chote, amesimama, bila kupumua. Akafuta mdomo kwa kiganja, akakijaza tena, akanipa mimi.