Mama Dawa na mume aliyebaki uwandani

Manyunyu yanaanza kabla hajamaliza kufunga kamba za viatu. Anatazama juu, anasonya, anauzungushia mfuko wa dawa karatasi ya nailoni na kuutia mgongoni. Kisha anaingia kwenye kibanda kilicho mwisho wa kijiji, anachomoa kibao chake msumarini na kukivaa shingoni.

"Haya, nimeondoka," anamwambia mlinzi wa kibanda. Mlinzi anachukua simu kumwarifu mwenzake wa kijiji cha juu.

Mbele yake ni uwanda mtupu: nyasi ndefu, madimbwi, matope na baridi inayopenya hadi kwenye mifupa. Hakuna nyumba wala mti wa kujikinga, na simu hazishiki. Kuuvuka ni kazi ya kutwa nzima kwa mtu mwenye miguu mizima, na hapo uombe ukungu usishuke. Wenyeji wamembandika jina la Mama Dawa, maana bila yeye wagonjwa wa presha na kisukari wa kijiji cha juu wangekaa hivi hivi. Ujira anaopewa na zahanati, kwa maneno yake mwenyewe, ni wa sabuni na chumvi.

Lakini Mama Dawa hapandi huku kwa sababu ya dawa peke yake. Anamtafuta mumewe.

Kazi hii ilikuwa ya mumewe. Naye alikuwa na kibao, kama kila mtu anayevuka uwanda: kipande cha ubao chenye alama ya mwenyewe. Unakichukua kibandani unapoondoka, unakitundika kwenye kibanda cha upande wa pili unapofika. Jioni ikiingia na kibao chako hakijaonekana, watu wanabeba tochi na kamba kwenda kukutafuta. Utaratibu huo umeokoa wengi.

Siku ile, mwaka juzi, mume alikuwa akirudi kutoka kijiji cha juu pamoja na mdogo wake wa tumbo moja. Walipokaribia kuumaliza uwanda, kiatu chake kikaachia soli. Akaketi kukifunga kwa kamba, akavua kile kibao na kumpa mdogo wake. Alimwambia atangulie akamtundikie, ili mlinzi asikae kibandani anangoja mtu aliyeko hapo nyuma tu. Ulikuwa wema mdogo, wa kumwonea huruma mzee wa watu aende akapumzike.

Mdogo mtu akafika, akatundika vibao vyote viwili. Mlinzi akaviona, akafunga mlango, akaenda zake. Nyuma yao ukungu ukashuka.

Mama Dawa alidhani mumewe amelala kwa mama yake, kama alivyozoea akichoka. Mama yake alidhani yuko kwa mkewe, na mdogo mtu akadhani kaka yake alishafika nyuma yake. Hakuna aliyeshtuka mpaka kesho yake mchana, na kufikia hapo mvua ilikuwa imefuta kila alama ya mguu. Wanaume wa vijiji vyote viwili walitafuta mpaka wakakata tamaa. Hawakupata hata kofia.

"Najua alitumwa na kaka yake," anasema Mama Dawa, akichomeka fimbo yake kwenye dimbwi na kusikiliza inavyozama. "Hilo najua. Lakini angesema hapana, mume wangu angetafutwa jioni ile ile."

Kila safari anaacha njia kidogo, leo upande huu, kesho ule, akipekua nyasi na kuchokoa matope. Ndiyo maana huchelewa, na muuguzi wa kijiji cha juu humgombeza kwamba wagonjwa wanangoja. Hajitetei. Mlinzi akimwona katapakaa tope mpaka kiunoni humuuliza kama leo amevuna viazi, naye hucheka, maana wote wawili wanajua alikuwa akitafuta nini.

Kinachomuumiza zaidi kiko nyumbani. Mama mkwe wake sasa ni mtu wa kitandani, na amekataa katakata msiba umalizwe kabla mwanawe hajapatikana. Koti la marehemu bado linaning'inia nyuma ya mlango. Mama Dawa akirudi kutoka uwandani, bibi huyo humuuliza neno moja tu, "Vipi?" Naye hujibu, "Bado, mama."

"Naogopa siku atakayokufa hajazika," anasema. "Sitaki makubwa mimi. Nataka mfupa tu, nimpelekee mama."

Na muda unamwishia. Barabara inayozunguka chini ya uwanda iko karibu kukamilika, na zahanati imemwambia kwamba mvua zikiisha dawa zitapelekwa kwa pikipiki. Anawafurahia wagonjwa, anaapa hivyo. Lakini barabara ikifunguliwa, nani atapita tena huku? Vibanda vitafungwa, nyasi zitaimeza njia, na mumewe atabaki humo na wote waliowahi kusahaulika.

Hapo ndipo anapotaja jambo ambalo hajamwambia mtu. Tangu siku ile hajasema hata neno moja na mdogo wa mumewe. Shemeji huyo akiingia kwa mama yake kwa mlango wa mbele, Mama Dawa hutoka kwa mlango wa jikoni. Mara nyingi mwanamume huyo ametuma watu kumwomba wakatafute pamoja, na kila mara Mama Dawa amewarudisha na jibu lile lile: hapana.

Juzi alimtumia jibu jingine: aje Jumatatu. Peke yake hawezi kuumaliza uwanda kabla ya mvua kwisha. Yeye atashika upande wa kulia wa njia, mwenzake wa kushoto, kuanzia pale kiatu kilipofungwa.

"Ukungu ukishuka hatutaonana, itabidi tuitane tusipotezane," anasema. Anajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Na siwezi kumwita 'we mtu.' Itabidi nimwite shemeji."