Alama ya Kutoa

Kazini waliniita Dakika Tano. Mtambo uliofukiwa barafuni ukinasa nyutrino, chembe iliyosafiri mabilioni ya miaka bila kuzuiwa na chochote, mimi ndiye niliyewatumia wenye darubini namba za upande ilikotoka, wakitafute kilichoirusha. Sikuwahi kuzidisha dakika tano. Nikavimba kichwa, mjinga mimi!

Namba za anga ya kusini huanza na alama ya kutoa. Siku moja, kwa haraka zangu, niliisahau. Darubini zote zikageukia kaskazini, zisione kitu. Niligundua wiki mbili baadaye, nikanyamaza. Niliona aibu kukiri.

Mwanafunzi wa chumba cha pili, binti aliyeniita baba, akajifunga kibwebwe. Kwa miaka mitatu alitafuta sababu ya chanzo kile kutoonekana. Kila asubuhi nilimwambia, "Kaza buti, mwanangu." La maana sikumwambia.

Jana kaniletea tasnifu yake, kaishika kwa mikono miwili.

"Fungua ukurasa wa kwanza, baba."

Nikaufungua. Kaandika: "Kwa Dakika Tano, mtu pekee ambaye namba zake sikuwahi kuzihakiki."