Maji ya Kumwaga Barabarani

Juzi nilipita mji mdogo wa Kabati nikaona watoto wa shule wakimwagia barabara maji ili mkubwa fulani wa kaunti asipate vumbi. Nilisimama kando, nikahisi uchovu wa zamani.

Enzi zetu mgeni alikuwa waziri. Mwalimu alituambia kila mtoto alete mtungi wa maji. Nyumbani tulichota kwenye shimo lililochimbwa mchangani katika mto uliokauka, na mwaitu, mama yangu, alikuwa ameamka mapema kupanga foleni.

"Haya ni ya kupika," alisema. Kisha akanipa. "Peleka. Serikali itarudisha."

Tulimwaga. Barabara ikanukia kama mvua ya kwanza, mbuzi wakaja kulamba tope. Magari yalipita tukiimba, vioo vikiwa vimefungwa. Wenzangu walienda nyumbani. Mimi nilibaki na mtungi mtupu, kifuniko mkononi, nikingoja gari la kurudisha maji.

Mwaitu alinifuata jua likizama. Hakucheka. "Si leo," alisema, nami nikaelewa ni kesho.

Nimefundisha historia ya serikali mpaka nikastaafu. Wanafunzi wangu walijua tawala zote kwa majina. Sikumbuki nikiwauliza maji yalitoka kwa nani.

Pale Kabati, magari yalipokwisha kupita, msichana mmoja alibaki na mtungi wake.

"Susu," aliniuliza, kwa kuwa nina umri wa nyanya yake, "gari la maji liko nyuma?"

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Nikajisikia nikisema, "Si leo, mama."