Nirudie au Nisirudie?

Mwenzangu wa chumba huchonga penseli kama anayenoa panga la vita, halafu haandiki. Huzipanga mbele ya kitabu cha kalkulasi, hujikuna kidevu, kisha huja na wimbo uleule: "Kaka, nirudie aljebra kwanza au nianze tu?" Ameshamuuliza mpishi wa bweni, dobi, hata mjomba wake kwa simu. Kozi inaanza Jumatatu. Aliifeli mwaka jana, na akiifeli tena, uhandisi ndio basi. Maji yamemfika shingoni, yeye bado anauliza kina!

Jana uvumilivu uliniishia, nikampa swali dogo: x jumlisha tatu, yote gawanya kwa tatu. Mkono wake haukusita. Akaikata tatu ya juu, akaikata ya chini, akaandika x na kuipigia mistari miwili. "Mteremko huo, bwana!"

"Haya, x iwe sita."

Akaweka sita. Tisa gawanya kwa tatu ikampa tatu. Akaitazama ile x yake, ambayo ni sita, midomo ikicheza bila sauti. Halafu, jamani: "Kwa hiyo unanishauri nirudie?"

Niliinama nikachomoa kitabu chake cha aljebra cha sekondari, alichokisokomeza chini ya mguu mfupi wa meza tangu tuhamie. Meza ikalala upande, penseli zote zikabingirika sakafuni.

"Sasa nitaandikia wapi?"

"Gotini, ndugu yangu!"

Akaketi palepale chini, akapangusa vumbi la jalada kwa kiganja. Akaokota penseli iliyovunjika ncha, akaigeuzageuza, kisha akaanza nayo hivyohivyo.