Kumwombea Mwalimu Kura

Mwalimu aliyenifundisha kusoma alipojitosa kugombea udiwani wa kata yetu, sikuweza kumkatalia. Alikuja mwenyewe dukani kwangu Kariakoo, akasimama katikati ya khanga na vitenge, akaniambia, "Mwanangu, mimi sina matarumbeta wala magari. Nataka watu wa kunipitia nyumba kwa nyumba."

Nikaitikia kabla sijafikiri. Alipoondoka ndipo nikamkumbuka mwenye fremu. Fremu ile ya duka nilikuwa nimeipanga kwa mzee aliyekuwa akimpigia kampeni mpinzani wa mwalimu waziwazi, na mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha.

Nilipangwa pamoja na jirani yangu, fundi cherehani, mwanamke asiyeogopa mtu. Tukapewa mitaa ya wauza vipuri, ng'ambo ya barabara. Mchana nilikuwa namwachia dada yangu duka, fulana ya kampeni nimeikunja ndani ya mkoba, naivaa nikishavuka barabara ya mabasi ya mwendokasi. Fundi alinicheka.

"Unaomba kura au unauza magendo?"

Nilicheka naye, lakini kila gari jeupe lililopunguza mwendo nililiona la mwenye fremu.

Watu walitupokea kila namna. Wauza vipuri walitutania, "Mama, huyo diwani wenu ataniletea injini?" Wengine walifunga mlango hodi yetu haijaisha. Kufungiwa mlango sikukuona tabu. Kilichonitesa ni pale unapobisha, unasikia kandambili zinakuja, na hujui nani atatokea.

Siku moja, kwenye ghorofa ya tatu ya jengo moja, alitokea bibi mmoja mzee.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mbona mmeganda mlangoni? Ingieni."

Tukakaa. Hata hatujamaliza kujitambulisha akaanza kutueleza habari za chemba ya nyuma ya jengo, jinsi inavyofurika kila mvua ikinyesha, maji machafu yakatuama chini ya ngazi. Alikwisha kuteleza pale na nyonga ilikuwa bado inamuuma. Fundi akawa anamweleza mipango ya mwalimu. Mimi nilinyanyua macho ukutani, nikaona picha ya harusi. Bwana harusi alikuwa mwenye fremu yangu, ujana wake.

Nikamfinya fundi.

"Vipi tena, unanifinya nini?" akauliza kwa sauti.

Bibi akafuata macho yangu. "Huyo mwanangu wa kwanza. Saa hizi huwa anakuja kula."

Nikasimama. "Mama, tunaomba ruhusa, nyumba bado nyingi."

"Hamtoki hapa na midomo mikavu. Chai iko motoni."

Tulikuwa na vikombe mkononi alipoingia. Aliitazama fulana yangu, kisha akanitazama usoni.

"Kumbe na wewe umo."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Wageni wangu hao," mama yake akasema. "Tunaongea mambo ya chemba."

Mzee akavuta kiti. "Basi niombeni kura na mimi." Fundi akafungua kinywa, mzee akamzuia kwa kiganja. "Hapana. Aombe mpangaji wangu."

Nikaweka kikombe chini. Yale maneno tuliyofundishwa yote yalipotea. Nikasema tu niliyoyajua: kwamba mwalimu hakuwahi kutufukuza darasani kwa kukosa viatu, na kwamba jambo akilishika haliachi mpaka watu wamchoke. 

"Umesema vizuri," akasema. "Ila kura yangu hampati." Akatusindikiza mpaka ngazini, na pale akaongeza, "Mkataba wako tutauongea uchaguzi ukipita."

Hakuonyesha hasira wala tabasamu. Maneno hayo niliyageuza kichwani kila nilipokuwa nakunja khanga. Nikaanza kuulizia fremu mitaa mingine. Kampeni sikuiacha; fundi aliniambia mzee ameshaniona, sasa nivae fulana toka nyumbani. Nikaivaa, lakini nilitembea kama mtu anayesubiri kuitwa kwa nyuma.

Mwalimu alishindwa. Alituita uani kwake, akatushukuru mmoja mmoja, mkono wake ukiwa baridi. Fundi alilia. Mimi machozi hayakuja, hofu ilikuwa imeyatangulia.

Siku chache baadaye mwenye fremu aliingia dukani na karatasi. "Saini," akasema. Niliusoma mkataba mstari kwa mstari nikitafuta mtego. Haukuwa tofauti na ule wa zamani.

"Mzee, hukunikasirikia?"

"Nilikukasirikia sana. Nilishapata mtu wa kumpa hii fremu." Akatazama nje, kwenye kelele za wabeba mizigo. "Mama akaniambia nikikutoa, nisikanyage tena kwake kula."

Akachukua nakala yake akaondoka bila kuaga. Mteja akaingia kuuliza bei ya kitenge, nikamtajia, kalamu ingali mkononi mwangu.