Mkonge Unaozaa Watoto Hai

Kanini hakutaka kushona nguo ya mtoto. Alikuwa amezika wawili, wote waliozaliwa bila kulia, na sasa mimba ya tatu ilikuwa imefika miezi minane. Kitambaa cha flana nilichomnunulia Thika mjini alikifungia sandukuni. Mimi Mwongeli, jirani yake ukuta kwa ukuta katika kambi ya shamba la mkonge, nilimgombeza mpaka nikachoka.

Mwaka huo wa 1957 tulifanya kazi kwenye kitalu, tukipanda miche midogo ya mkonge. Siku moja akaja mtaalamu wa mimea kutoka Ruiru. Alisimama chini ya mkonge uliotoa mlingoti, ile nguzo ndefu ya maua, akasema neno moja: vivipara. Kisha akaenda zake. Mulei, mume wa Kanini, aliruka kama aliyeumwa na siafu. Alikuwa katekista, Kilatini alifundishwa misheni, na hungeweza kunywa chai naye bila kupewa somo.

"Kanini, kuja uone! Vivus ni hai, si tunaimba hiyo kanisani kila Jumapili? Na parere ni kuzaa. Hii mti inazaa watoto wakiwa hai!"

Nilijiandaa kumcheka. Lakini Kanini aliinua uso, nami nikainua wangu. Miaka yote nilikuwa nimeipanda miche ile bila kuitazama huko inakotoka. Juu kabisa, pale maua yalipoanguka, kila tawi lilijaa vimkonge vidogo vya kijani, vyenye majani yao na ncha za mizizi, bado vimemshika mama yao. Si mbegu. Watoto kamili! Mwili ulinisisimka. Maneno ya watu wa Roma, waliokufa zamani sana, yalikuwa yametufikia kwenye vumbi la Thika, nayo yalisema kitu kilekile tulichokuwa tunakiona.

"Na mama yao?" Kanini akauliza.

Sote tulijua kwamba mkonge ukishatoa mlingoti, hukauka ukafa.

"Ni sawa tu," Kanini akasema polepole. "Bora mtoto awe hai."

"Aiya! Kwani wewe ni mkonge?" nikafoka, huku machozi yakinitoka.

Jioni ile alifungua sanduku, akashona.

Mtoto alikuja asubuhi ya mvua, barabara ya hospitali ikiwa tope tupu. Mkunga wa kambi alimpokea, nami nilishika kichwa cha Kanini. Kukawa kimya. Kimya kile nilikijua, na nilikichukia. Halafu kikatoka kilio, kikali, cha hasira kabisa, na nje ya mlango Mulei akaanza kumshukuru Mungu kwa Kilatini.

Kanini alikuwa amefumba macho. Damu ilikuwa imemtoka nyingi.

"Hai?" akanong'ona.

Nilimlaza mtoto kifuani pake, nikawafunika wote wawili na kipande cha flana kilichobaki.

"Hai. Sasa na wewe, Mama Mtoto, fungua macho."

Alikawia. Kisha akayafungua.