Mshahara wa Siku Asiyoruka

"Siku harukangi, banamulipa juu ya kazi gani?"

Papa aliuliza hivyo Jumapili moja baada ya misa, tai ikiwa bado shingoni, na mimi, mwenye lisanse ya uchumi ya chuo kikuu, nikamwambia nitamletea jibu. Aliyekuwa akizungumziwa ni dada yangu mkubwa, rubani, ambaye mimi humwita yaya. Kwa miaka sita alikuwa akirusha ndege ndogo ya viti tisa ya kampuni moja ya mgodi, akiwabeba wakubwa kati ya Lubumbashi na viwanja vya udongo vya huku kwetu. Kuna siku anaruka mara nne. Kuna siku anakaa kutwa kwenye kiti cha plastiki chini ya bati, akisubiri mkutano wa watu wengine uishe. Mshahara ni uleule.

Sasa shirika kubwa la ndege la nchi nyingine lilikuwa limempa nafasi. Mashirika yanakosa marubani, kwa hiyo yanapandisha mishahara, na kila mwenye leseni anaangalia upande huo. Alitakiwa kujibu kabla ya Ijumaa kuisha. Akikubali, anaacha kiti cha kapteni na kuanza upya kama rubani msaidizi, maana kule miaka uliyofanya kwingine haihesabiwi. Nafasi yako kwenye foleni ya ukapteni ni tarehe uliyoingia. Akikataa, huenda wasimwite tena.

Nyumbani kwetu Likasi jambo kama hilo haliamuliwi na mtu mmoja. Babu alitoka Kasai kuja kuandikishwa mgodini, Papa alifanya kazi katika karakana ya kampuni ya shaba mpaka mgongo ukakataa, na kwetu mkataba wowote husomwa mezani kwa sauti kabla ya kutiwa saini. Hata mkataba wangu wa kwanza, wa miezi mitatu katika ofisi ya kutoa mizigo forodhani, ulisomwa hivyo, na tantine, dada yake Papa, aliuliza kwa nini hauna mstari wa sabuni ya kupewa bure.

Basi nikachukua daftari la miraba nikachora safu mbili: kushoto kampuni, kulia shirika. Niliandika mishahara. Mwaka wa kwanza kampuni ilikuwa mbele. Mwaka wa tatu shirika liliipita, kisha likaendelea kupanda ngazi kwa ngazi, wakati upande wa kampuni ulikaa palepale kama jiwe. Mimi sikuona kilichobaki cha kujadili.

"Na posho?" Papa akauliza.

Posho ni unga wa mahindi ambao kampuni ya shaba iliwagawia wafanyakazi wake pamoja na mshahara. Mtu wa umri wa Papa hakuulizi unalipwa kiasi gani. Anauliza unapewa nini.

"Papa, ba pilote habapewake bunga."

"Basi andika nyumba. Andika ile motokari inakuyaka kumubeba asubui."

Nikaandika. Tantine akaongeza simu ya kampuni. Mama akaongeza kadi ya hospitali, ambayo yeye na Papa walikuwa wakiitumia kwa jina la yaya. Safu ya kushoto ikanenepa.

"Ona," tantine akasema. "Kampuni iko na mistari tano. Shirika iko na tatu. Hata minye sikusoma, niko naona."

"Weye hukusoma, njo maana uko nahesabu mistari," Mama akamjibu, na meza nzima ikacheka, tantine mwenyewe wa kwanza.

Yaya alikuwa anakula bukari yake, ugali wa huku kwetu. Alipomaliza alinawa, akalivuta daftari, akasoma.

"Mudogo, hapa umenirusha saa ngapi kwa mwezi?"

Shirika lilikuwa linalipa sehemu ya mshahara kwa saa za kuruka, na mimi nilikuwa nimeandika kiwango cha juu kabisa ambacho sheria inaruhusu, kila mwezi, miaka kumi mfululizo.

"Zote," nikasema.

"Sasa nitalala siku gani?"

Nilifuta. Chuo kikuu kilinifundisha kutilia shaka hesabu za kila mtu, na zangu nilikuwa nimeziamini kwa sababu zilinipa jibu nililolitaka.

Jumatano nilipanda pikipiki kwenda kwenye kiwanja chao, upande wa Kakanda. Nilitaka kuona kwa macho yangu jinsi mtu anavyolipwa akiwa amekaa. Yaya alikuwa ameshaleta wakubwa watatu asubuhi, na mlinzi wa kiwanja alinipa kiti kando ya yaya. Tulikaa kwa muda wa saa tano. Alipiga simu mara tatu kuulizia hali ya hewa. Aliizunguka ndege mara mbili, akapima mafuta mwenyewe ingawa mtu mwingine alikuwa ameshayapima. Muda uliobaki alikula karanga.

"Kumbe banakulipa juu ya kula karanga," nikamwambia.

"Na banalipa muzuri."

Kwenye saa tisa alasiri mawingu yalianza kujaa upande wa mto Lufira, meusi mpaka chini. Wakubwa walifika wakikimbia, makaratasi mkononi. Walitakiwa wawe Lubumbashi saa kumi na moja, kuna watu wametoka mbali wanawasubiri. Yaya alikuwa amesimama tayari, lakini hakuwa upande wa ndege. Alikuwa upande wa gari.

"Haturuki," akasema.

Mkubwa wao alianza kwa kueleza. Kisha akapandisha sauti. Kisha akasema kwamba rubani mwingine aliwahi kumvusha katika mvua mbaya kuliko hii. Yaya alimsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza hata mara moja, halafu akajibu kwa Kifaransa kisicho na hasira kwamba leo ndege haitaondoka, na kwamba wakianza safari sasa, kwa barabara ya Kapolowe, watafika saa mbili usiku. Yule mkubwa akamgeukia dereva wa gari, kana kwamba dereva angeweza kumsaidia. Dereva akafungua mlango. Wakapanda.

Nusu saa baadaye mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hatukusikiana, na kutoka pale tulipokaa sikuweza kuona mwisho wa kiwanja. Ilipopungua nikamuuliza kama hakuogopa kufukuzwa.

"Njo kazi yenyewe," akasema. "Kuruka, hata weye naweza kukufundisha. Banalipa minye juu ya kukatala."

"Na kule kwa shirika?"

"Kule ukikatala, kuna ofisi muzima nyuma yako. Hapa niko minye peke yangu mbele ya sura yao."

"Kwa hiyo unataka kwenda kupumzika."

Alicheka. "Nataka ndege kubwa. Ni ile tu. Haina mustari kwa kitabu yako."

Mlinzi alipopita akamwita kapteni, na mimi, ambaye huwa nawacheka watu wanaotembea kifua mbele kwa sababu ya kazi ya ndugu yao, nilijikuta nimekaa wima.

Alhamisi jioni nilimpelekea Papa jibu la swali lake. Alinitaka nirudie alichosema yule mkubwa, kisha alichojibu yaya, neno kwa neno. Nikarudia. Akaenda kwenye ukuta wa ua, akamwita jirani aliyefanya naye kazi karakanani, akaniambia nianze tena tangu mwanzo. Jirani alisikiliza, akauliza jambo moja tu: "Na akamuingiza mu motokari?" Papa akajibu, "Bote batatu!" kana kwamba yeye ndiye aliyefunga mlango.

Tuliporudi mezani niliuliza swali ambalo sikuthubutu kuliuliza Jumapili.

"Papa, siku kampuni yenu ilisimama, posho iliendelea wiki ngapi?"

Papa akalivuta daftari kwake.

"Hata moja."

Hakuna aliyehitaji maelezo. Sote tulijua miezi ile: karakana imefungwa, duka la dawa la hospitali halina kitu, Mama anauza maandazi mbele ya shule ambayo zamani tulisoma bure. Papa alijua kuliko sisi wote, na bado alikuwa ameandikisha vitu vya kampuni katika safu ya mwanawe kama vyake. Ni kosa la mji wetu. Tumekaa katika nyumba za kampuni muda mrefu mpaka tukasahau kwamba funguo zilikuwa za kampuni.

Papa alichukua kalamu. Akakata nyumba. Akakata motokari, akakata simu. Alipofika kwenye kadi ya hospitali aliinua kalamu, kwa sababu kadi hiyo ndiyo iliyotibu mgongo wake mwenyewe.

"Kata," Mama akasema.

Akakata. Kisha akamsukumia yaya daftari, na kwa mara ya kwanza wiki ile akamuuliza yeye.

"Weye unapenda nini?"

"Ndege kubwa, Papa."

Ijumaa asubuhi Papa alisoma mkataba wa shirika kwa sauti, kurasa zote, hata ule wa viatu na rangi ya soksi, na yaya akatia saini mezani petu. Tantine alipiga vigelegele, kisha akalia, kisha akasema ni moshi wa makaa.

Sasa yaya anakaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, katika ndege kubwa, na foleni yake inasogea. Nilidhani ninaijua habari yote. Zaidi ya miaka miwili ilipita kabla sijakutana Lubumbashi na mmoja wa marubani watatu waliobaki kwenye kampuni. Ndiye aliyeniambia kwamba siku ya mwisho wakurugenzi walimuuliza yaya anataka aongezewe kiasi gani ili abaki, naye akawaambia habaki, ila akawawekea mezani ngazi za mishahara ya shirika, mwaka kwa mwaka, akawaomba wawalipe hao watatu hivyo. Mwezi uliofuata mishahara yao ilipandishwa.